UZI: Filamu ya pepo Ujiji. Pepo awe na dai, na dai lionekane kwenye kila shoti

Mwandiko_Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaoandika, kurekodi na kuhariri filamu za kutisha huku kwetu Kigoma na Tabora. Naweka hadithi mezani ili tuijadili kwa vitendo.

Nyumba ya zamani Ujiji, uani mpana, miembe miwili nyuma. Kaka mtu amefariki, ameacha mjane, mtoto wa kiume wa miaka 9 na wa kike wa miaka 6. Wazazi wa marehemu walishatangulia. Mdogo wake anajifanya msimamizi wa mirathi, anaghushi muhtasari wa kikao cha ukoo kwa ajili ya Mahakama ya Mwanzo, anahamia ndani na kumtoa mjane. Baada ya arobaini, binti wa huyo baba mdogo, mwenye miaka 19, anaanza kupandisha pepo.

Ninachosimamia ni kimoja: pepo asiye na dai ni kelele tu. Filamu nyingi za aina hii zinachoka dakika ya 40 kwa sababu mtazamaji ameshaona macho meupe, ameshasikia sauti nzito, na hana tena cha kusubiri. Pepo mwenye dai, kila akipanda tunajua jambo jipya kuhusu dhuluma. Kwa hiyo andikeni dai kwa sentensi moja kabla ya tukio lolote la kutisha. Hapa ni: "Rudisha nyumba kwa wenyewe, na useme mbele ya watu ulivyoichukua." Nusu ya kwanza ni rahisi, mtu anaweza kurudisha funguo usiku kimya kimya. Nusu ya pili ndiyo inayombana, na ndiyo itakayobeba dakika 25 za mwisho.

Msikosee hesabu za mirathi, maana Ujiji watu wanazijua. Kwa sheria ya Kiislamu mjane aliyezaa na marehemu anapata 1/8, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu hapati kitu. Angeacha binti peke yake, binti angechukua 1/2, mjane 1/8, na ndugu angebaki na 3/8 yake halali. Ndiyo maana yule mtoto wa miaka 9 lazima awepo kwenye hadithi. Ukimwondoa, baba mdogo anakuwa na hoja, na pepo anakuwa anadai kitu chenye mjadala.

Ratiba ya kupandisha ninayoipendekeza kwa filamu ya dakika 95: mara ya kwanza dakika ya 18, bila sauti yoyote, alama tu mwilini. Dakika ya 31 anatamka jina moja. Dakika ya 48 anasema mbele ya majirani. Dakika ya 70 anaagiza muhtasari uletwe na usomwe. Mara 4 zinatosha. Ya tano inapunguza nguvu ya zote.

BintiUnyanyembe

Mwangaluka wakuu. Uzi mzuri, ila nina maswali mawili mazito.

La kwanza ni pepo mwenyewe. Kila pepo ana kwao. Huku Unyamwezini kuna Uswezi, chama cha mapepo chenye watu waliopitishwa na chenye siri zake. Buha kuna habari za Kiranga, pepo wa jadi. Ujiji mjini kuna majini na mapepo waliokuja na watu wa Pwani na wa Manyema kwa njia ya misafara. Waandishi wanachukua ngoma ya huku, maneno ya kule, vazi la sehemu ya tatu, halafu wenyeji wakitazama wanaona uongo kabla binti hajaanza kutetemeka. Chagua mmoja na ukae naye. Na ngoma za Uswezi msizirekodi kwa kujificha wala msizipachike kama muziki wa kutisha. Zina wenyewe. Muombe mpigaji atunge mdundo wa filamu na alipwe kama mtunzi.

La pili, kwa nini apandishe binti asiye na kosa? Watazamaji watauliza: baba kadhulumu, mtoto anateswa, huu ni uadilifu gani? Filamu yenye maadili haiwezi kuliruka swali hilo.

Mimi ningefunga hivi. Muhtasari ulihitaji dole gumba la mjane. Mjane alikuwa ndani ya eda, hakuitwa. Baba mdogo akachukua kidole cha binti yake mwenyewe, akakichovya kwenye wino, akakikandamiza penye jina la mjane. Binti alijua ni karatasi gani, akanyamaza kwa kumuogopa baba. Hapo anakuwa kiti, yaani mtu anayekaliwa na pepo, kwa sababu: kidole chake kimetoa ushahidi wa uongo. Na alama ya dakika ya 18 inajileta yenyewe. Anaamka asubuhi gumba lina wino wa zambarau, anaosha, hautoki.

Mwandiko_Ujiji

@BintiUnyanyembe dada, umeifungua hadithi. Naichukua. Basi kila anapopanda, wino unapanda naye: gumba, kiganja, kifundo cha mkono, hadi kiwiko dakika ya 70. Hatuhitaji damu nyingi.

MkonoWaRangi

Kwenye wino nipo. Duka la dawa kuna jivi, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Rangi yake kwenye kamera ni nzuri kuliko wino wa muhuri, inaingia kwenye mistari ya kidole na kuacha ukingo mweusi pembeni ya ukucha. Tatizo, haitoki kwenye ngozi siku hiyohiyo, inaweza kukaa siku kadhaa. Kwa hiyo rekodini kwanza matukio yote ambayo binti hana wino, kisha gumba, kisha kiganja, mpaka kiwiko. Mkirekodi kwa mpangilio wa maeneo badala ya mpangilio wa wino, mtakuwa na binti wa dakika ya 5 mwenye gumba la zambarau, na mhariri hana dawa ya hilo. Kwa shoti za majaribio tumieni rangi ya chakula iliyokolezwa, hiyo inapungua kwa sabuni na maji ya moto.

Pigeni picha ya mkono baada ya kila tukio, pande zote mbili, na sentimita za mwisho wa wino ziandikwe. Shoti ya karibu: gumba likiwa juu ya karai jeupe la enameli, maji safi yanamwagika, yanabaki safi. Hiyo inatisha kuliko damu. Msiharakishe, sekunde 8 bila kukata.

Damu kidogo mkiihitaji: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, chemsha mpaka uzito wa asali nyepesi, ikipoa weka rangi nyekundu ya chakula kijiko kidogo 1 na kakao nusu kijiko kuondoa uwaridi. Ndani ya nyumba Ujiji italeta sisimizi tu. Kwa walio Tabora, mkirekodi nje kwenye miombo msitumie sukari kabisa, hiyo ni nchi ya nyuki. Pikeni uji mwepesi wa wanga wa mahindi, kijiko kikubwa 1 kwa kikombe cha maji, rangi ileile. Haung'ai sana lakini nyuki hawauhitaji.

Kutapika: uji wa ulezi uliopoa, vijiko vikubwa 2 mdomoni, mwigizaji anautoa mwenyewe. Mrija wa kusukuma uwekwe pembeni ya shavu upande usioonekana, mdomo wake uelekee nje. Usielekezwe kooni hata kwa shoti moja, mtu akivuta pumzi wakati bomba linasukumwa atapaliwa.

Lenzi za macho meupe sizishauri. Vumbi la Kigoma wakati wa kiangazi, mikono isiyooshwa, lenzi moja inapokezanwa na watu wawili, matokeo yake ni maambukizi ya jicho. Macho yakibaki kivulini chini ya nyusi yanatosha.

KijanaWaMwanga

Wakuu shikamooni. Naona mnaikwepa kazi. Watu wakilipia filamu ya mapepo wanataka binti aelee kitandani, na wanataka mchawi. Wekeni bibi mmoja jirani, macho mekundu, ndiye katuma pepo, mwisho anaumbuka. Hadithi inaeleweka haraka.

Maktaba_Gungu

Marahaba mdogo wangu. Kuelea wataalamu watakujibu. La bibi nitalijibu mimi, na naomba tulizingatie wote.

Kanda hii, Tabora, Shinyanga, Mwanza na kwingineko, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa moja ya "ushahidi". Macho hayo yanatokana na miaka mingi ya kupikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Watu wenye ualbino nao waliuawa na kukatwa viungo kwa imani hizohizo, mpaka watoto wenye ualbino wakalazimika kuhifadhiwa Kabanga, Kasulu. Filamu inayomaliza kwa kumuumbua bibi mwenye macho mekundu inampa mtazamaji sura ya kutafuta mtaani kwake. Huwezi kuandika kwenye bango kuwa filamu ina maadili kisha ufanye hivyo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado ipo, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa ndani yake.

Kama mnataka bibi, awepo, macho yake yawe hivyo hivyo, na ukoo umshuku. Mpelekeni mtazamaji amshuku kwa dakika 20. Kisha aonekane jikoni kwake akipuliza moto, moshi umejaa, anafuta macho kwa upindo wa kanga, na anaendelea kumpikia uji yule mjane aliyefukuzwa. Shoti moja, bila maneno. Baba mdogo ndiye aliyeanzisha fununu kuhusu bibi ili watu wasitazame nyumba yake.

La pili, ugonjwa. Binti akianguka mara ya kwanza, apelekwe hospitali. Dakika 2 za filamu zinatosha: anapimwa malaria na sukari, anaulizwa kama ana kifafa, daktari asiwe mjinga wala mkali. Msioneshe dawa za kifafa zikitupwa. Na msimpandishe pepo mtoto mdogo anayetetemeka kwa homa. Degedege watu wengi bado wanaihusisha na mashetani, na mtoto wa malaria kali anaweza kufa wakati familia inatafuta mganga. Kiti chenu ana miaka 19 na hana homa, mbakizeni hivyo.

La tatu, huyu pepo asiwe marehemu. Watu wa kisomo cha dini hawatakubali kuwa mfu amerudi kudai nyumba, na mtawapoteza. Awe jini aliyekaa kwenye nyumba hiyo tangu zamani, aliyeona karatasi ikigongwa. Yeye ni shahidi. Anajua nani alikaa wapi, nani alishika taa, na kitu gani kilisemwa.

SikioLaUsiku

Jini shahidi ananisaidia sana upande wa sauti. Anatoa ushahidi, kwa hiyo kila neno lake lisikike. Kosa kubwa la filamu za pepo hapa kwetu ni kushusha sauti mpaka inakuwa ngurumo. Ukishusha zaidi ya nusu toni 5 au 6, herufi za s, sh na f zinafunikwa, na mtazamaji anamuuliza jirani "kasemaje?"

Fanyeni hivi. Mwigizaji aseme maneno yote mwenyewe siku ya kurekodi, kwa sauti ya chini na ya utulivu, asikwaruze koo. Baadaye chumbani mrekodi mtu wa pili, mama mtu mzima mwenye sauti kavu, akifuata midomo yake. Mbinu hii ni ya zamani. Katika The Exorcist ya 1973 sauti ya shetani ilitolewa na mwigizaji wa pili, Mercedes McCambridge. Kwenye kuhariri, sauti ya binti ibaki ilivyo, ya mama ishushwe nusu toni 3 na iwe chini kwa desibeli 6, ichelewe milisekunde 20 hadi 30. Tabaka la tatu ni pumzi ya kuvuta ndani, chini kwa desibeli 12. Dakika ya 31, penye jina moja, tumieni sauti ya binti peke yake. Ya mama iingie dakika ya 48, mbele ya watu.

Msigeuze kisomo nyuma-mbele kutengeneza sauti ya jini. Iwe Kurani au Biblia, hilo ni kufuru kwa mtazamaji wako na halina faida yoyote. Kisomo kirekodiwe kwa mtu anayejua tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, kwa pumzi zake, na kisikatwe katikati ya aya.

Kelele: binti anaponyamaza sekunde 10 kisha akapiga ukelele, maiki ikiwa kwenye kiwango cha maongezi sauti inapasuka, na ikishapasuka haitibiki. Rekodini njia 2 kwa wakati mmoja, moja ya kawaida maongezi yakicheza karibu na desibeli -12, nyingine chini yake kwa desibeli 15. Hata kinasa sauti kidogo kinaweza. Jenereta liwe mita 50 au zaidi, nyuma ya ukuta wa tofali, mdomo wa moshi ukiangalia upande mwingine. Friji na feni zizimwe. Kila chumba rekodini kimya chake kwa sekunde 60 watu wote wakiwa wametulia, maana kimya cha nyumba ya udongo si sawa na cha nyumba ya bloku, na bati likipoa usiku linalia lenyewe. Sauti hiyo ya bati ikamateni, ni ya bure na ni ya kweli.

Epukeni miezi ya mvua kwa matukio ya ndani. Mvua ya Kigoma juu ya bati inafuta maongezi yote.

FundiTaa

Nianze na jua, maana linavuruga ratiba za watu wa Dar. Kigoma tupo magharibi kabisa na saa ni zilezile za nchi nzima, hivyo jua linazama karibu saa 1 jioni, kama dakika 40 baada ya Dar. Giza la kurekodi linapatikana kuanzia saa 1 na nusu. Saa 12 asubuhi bado ni usiku, kwa hiyo mna muda wa ziada mwisho wa zamu. Ule mwanga wa bluu baada ya machweo ni dakika 20 hivi. Pangeni shoti 1, isizidi 2.

Chemli. Moto wake halisi ni mdogo kwa kamera nyingi, na ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) hadi 6400 ukuta wa udongo unajaa chenga. Toeni utambi, wekeni balbu ya LED ya volti 12, wati 5, ya njano ya Kelvini 2700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Upande unaotazama kamera wekeni kipande cha karatasi ya kuokea ndani ya kioo ili balbu isionekane doa jeupe. Waya utoke kwenye kitako, upite ndani ya mkono wa nguo. Betri ya pikipiki ya volti 12 na Ah 7 inawasha balbu 2 za aina hiyo kama saa 4 bila kuumia. Kamera: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, lenzi iliyofunguka f/1.8, ISO 1600. Umeme wetu ni Hz 50, hivyo kwa mpangilio huo balbu za ukutani hazitaweka mistari inayotembea.

Mbalamwezi ni LED ya wati 100, Kelvini 5600, juu ya ngazi mita 3 nje ya dirisha, kamera ikiwa Kelvini 4000. Mwezi unakuwa bluu kidogo, chemli inabaki ya moto.

Taa nyekundu pepo akipanda, hapana. Chemli ni ileile, nyumba ni ileile. Kinachobadilika ni nani amekaa kwenye mwanga. Mwanzoni baba mdogo ndiye anashika chemli, mjane yupo gizani mlangoni. Kila tukio msogezeni baba hatua moja nje ya duara la mwanga, na dakika ya 70 chemli iwe mikononi mwa mjane.

@KijanaWaMwanga kuelea kunawezekana bila gharama. Kamera juu ya stendi, isiguswe, fokasi na mwanga vyote vya mkono. Shoti ya kwanza: kitanda kitupu, sekunde 15. Shoti ya pili: stuli 2 imara juu ya kitanda, ubao wa inchi 2 kwa 10 juu yake, binti amelala, shuka inaning'inia. Mhariri anafuta stuli kwa kutumia shoti ya kwanza. Inapoharibika ni kwa mambo matatu: taa imesogea kati ya shoti mbili, upepo umetikisa pazia, au kivuli cha binti hakipo kitandani. Kivuli kibakizeni, msikifute pamoja na stuli. Watu 2 wakae nje ya fremu kumshika, na magodoro sakafuni. Ila naomba iwe sentimita 20 tu, na iwe mara moja. Akipaa hadi darini mtazamaji anaanza kutafuta kamba.

BintiUnyanyembe

@FundiTaa nakuunga mkono kwenye chemli. Niongeze la mwili wa mwigizaji. Kupandisha kunaanza na vitu vidogo: kupiga miayo mfululizo, mabega kuwa mazito, vidole vya miguu kukunja mkeka, pumzi fupi. Kutetemeka kunakuja baadaye. Waigizaji wanarukia mwisho, wanarusha kichwa tangu sekunde ya kwanza. Shingo inaumia na tukio halina pa kwenda. Pumzi za haraka zisizidi sekunde 30 kwa mkupuo, zaidi ya hapo mtu anapata kizunguzungu cha kweli na vidole vinakufa ganzi. Akae chini, anyamaze dakika 5, ndipo mrudie.

Na jini akipanda ana adabu zake. Anasalimu, anataka kusalimiwa, anaagiza kitu chake: marashi, kitambaa cheupe, udi. Mganga anamuuliza "wewe nani, umetoka wapi, unataka nini?" Maswali hayo matatu ndiyo uti wa hadithi yenu. Dakika ya 48 ajibu la kwanza na la pili. La tatu ajibu dakika ya 70.

Mratibu_KGM

Upande wa ruhusa na usalama, haya ndiyo yanayosimamisha kazi.

Kibali cha kurekodi kinaombwa Bodi ya Filamu mapema pamoja na mswada, na filamu ikikamilika inarudi kukaguliwa na kupewa daraja la umri kabla ya kuoneshwa. Filamu ya pepo msitegemee daraja la watoto. Nakala ya kibali ifike kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kwa mwenyekiti wa mtaa. Jioni kabla ya kila usiku wa mayowe, mtu apite nyumba kwa nyumba kuwajulisha majirani na mabalozi, na polisi wajue. Mwanamke akipiga ukelele saa 6 usiku Ujiji, watu wanatoka na marungu, na wana haki ya kutoka.

Vifaa vya kilinge: ngozi ya chui, pembe, kucha za simba, msiviazime hata kwa mganga mwenyewe. Ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ukikutwa navyo bila kibali ni kesi nzito. Kitambaa kilichopakwa rangi kinatosha chini ya chemli. Vibuyu na hirizi za kuigiza viwekwe kwenye sanduku lenye orodha na nakala ya kibali.

Chetezo: mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na ubani unaificha zaidi. Milango ifunguliwe kila baada ya dakika 10, chetezo kitoke nje kati ya shoti. Mtu akisema kichwa kinamuuma, chumba kinahamwa wakati huohuo.

Watoto wa mjane: Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Matukio yao ya usiku yarekodiwe saa 1 na nusu hadi saa 2 kasoro, au mchana chumbani madirisha yakiwa yamezibwa kwa blanketi nyeusi. Wasiwepo binti anapopandisha. Nyuso zao za woga zirekodiwe peke yake, wakitazama mpira au mkono wa muongozaji.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Gombe na Mahale zina taratibu na tozo za hifadhi, na hadithi hii haizihitaji.

KijanaWaMwanga

Nimeelewa wakuu, hasa la bibi. Naliondoa. Swali langu la mwisho: pepo anatoka vipi? Shehe anamtoa, au? Na kama mtu anaihamishia Tabora kwa familia ya Kikatoliki, padre aje na msalaba?

Maktaba_Gungu

Padre haji hivyo. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inasema hakuna anayeweza kufanya kazi hiyo bila idhini mahususi na ya wazi ya askofu wa mahali, na idhini hupewa padre mcha Mungu, mwenye elimu, busara na maisha safi. Ibada yenyewe ilitolewa upya mwaka 1999. Kwa mwandishi hilo ni faida: padre wa parokia anasema "siwezi, naandika barua," na familia inabaki na jini ndani kwa siku zote ambazo barua iko njiani kwenda kwa askofu Tabora mjini. Hofu nzuri inakaa ndani ya kusubiri huko.

Kwa Ujiji, shehe asome, jini atulie, lakini asitoke. Shehe mwenye hekima amwambie baba mdogo: "Mimi nimesoma. Lililobaki liko kwako." Mahubiri yasizidi hapo. Filamu nyingi zinaweka dakika 6 za mawaidha mwishoni, kila mtu amekaa kwenye mkeka anaelezwa alichokwisha kukiona.

Mwandiko_Ujiji

Nakubaliana. Tukio la dakika ya 70 liwe hivi: jini anaagiza muhtasari usomwe na baba mdogo mwenyewe, mbele ya majirani na yule bibi. Anasoma majina ya waliohudhuria kikao. Kila jina la uongo, jini anasema mtu huyo siku hiyo alikuwa wapi. "Huyo alikuwa Kibirizi, anashusha dagaa." "Huyo alikuwa Kasulu, msibani." Sauti ya utulivu, hakuna mayowe. Akifika jina la mjane, binti ananyoosha mkono wa zambarau na kuweka gumba juu ya alama. Shoti ya karibu, mistari ya kidole inaoana. Msiongeze muziki hapo.

Baada ya hapo baba ana dakika 20 za kukana, kujaribu kuchoma karatasi, kumsihi binti, na hatimaye kusema. Akisema, binti analala. Wino usipotee papo hapo, ubaki umefifia, kwa sababu naye alinyamaza na ana la kumwambia mjane. Mazungumzo yao wawili ndiyo tukio la mwisho.

FundiTaa

Hilo la mwisho lirekodiwe ufukweni, nyuma yao taa za wavuvi wa dagaa. Lakini angalieni kalenda mbili. Wavuvi wa taa wanatoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa ziwa linabaki tupu. Na uvuvi Ziwa Tanganyika unaweza kufungwa: mwaka 2024 ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, katikati ya kiangazi ambacho wengi wanakipanga kwa kurekodi.

Mratibu_KGM

Basi ratiba inajipanga. Wiki 3, kuanzia mwishoni mwa Agosti kabla mvua hazijaanza. Siku 5 za kwanza matukio yote yasiyo na wino, mjane na watoto wakiwemo. Kisha gumba, kiganja, kifundo, kiwiko. Tukio la ufukweni liangukie siku 3 kabla au baada ya mwezi mwandamo, na kwa kuwa wino unatakiwa uwe umefifia, liwe siku 4 au 5 baada ya tukio la muhtasari. @MkonoWaRangi thibitisha kama siku hizo zinatosha kwa mkono kufifia bila kusugua.

MkonoWaRangi

Zinatosha kwa kiganja na mkono. Kuzunguka ukucha utabaki umekolea, na ndipo tunapoutaka. Mwigizaji asifue nguo wala kuosha vyombo kwa mkono huo siku hizo, sabuni ya unga inatoa rangi kwa mabaka.

Mwandiko_Ujiji

Imeeleweka. Mswada wa matukio 4 ya kupandisha nitaupandisha hapa kwenye uzi, kila tukio na sentensi yake ya dai juu. Wenye Kiswahili cha Ujiji cha wazee nawaomba mkague maneno ya jini.